Gari linachemsha likisimama, likitembea linapoa: tafuta upepo kwanza

Uko kwenye foleni. Mshale wa joto, uliokuwa umetulia pale pale tangu uanze safari, unaanza kupanda kidogo kidogo. Foleni inafunguka, unatembea dakika tatu hivi, mshale unarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Unasimama tena, unapanda tena.

Gari la namna hii limeshakutajia ugonjwa wake. Ndiyo maana naumia kila ninapokutana na mtu aliyelipia thamostati mpya (vali inayoruhusu maji yaende kupozwa injini ikipata moto), kisha pampu mpya ya maji, kisha akafunguliwa hadi silinda hedi (kichwa cha injini), na katika muda wote huo hakuna aliyeinama akatazama kama feni inazunguka. Mpangilio wa mwongozo huu unataka kukuepusha na njia hiyo. Tunaanza na vitu ambavyo kuvikagua hakugharimu chochote, na kufungua injini kunakuja mwisho kabisa. Usiruke hatua kwa sababu umeambiwa "haya magari ugonjwa wake ni ule". Pima, pata jibu, ndipo usogee mbele.

Kwa nini likisimama tu?

Takriban theluthi moja ya joto linalotokana na kuchoma mafuta huingia kwenye maji ya kupoozea injini. Pampu huyabeba maji hayo hadi kwenye rejeta, na rejeta peke yake haipoozi kitu. Inataka upepo upite katikati ya mapezi yake membamba. Gari likiwa kilomita 60 kwa saa upepo unajiingiza wenyewe kupitia grili, kiasi kwamba feni inaweza kuwa imekufa wiki nzima na wewe usijue. Likisimama, upepo wote unaopita kwenye rejeta ni ule unaovutwa na feni.

Kuna jambo la pili. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inawaka bila mguu kwenye pedali ya mafuta, huzunguka mara 700 hadi 900 hivi kwa dakika. Pampu nayo inazunguka polepole, kwa hiyo maji yanatembea kwa uvivu. Pampu iliyochoka kidogo, au hewa iliyonasa ndani ya mfumo, hujifichua hapo.

Basi washukiwa wako ni wa makundi mawili: upepo hautoshi, au maji hayatembei. Kundi la kwanza ndilo lenye kesi nyingi, kwa mbali sana. Kama gari lako linafanya kinyume chake, yaani linatulia kwenye foleni lakini linachemsha ukipanda mlima au ukikimbia, mwongozo huu si wako. Hapo anza na rejeta iliyoziba ndani, thamostati isiyofunguka yote, au mpira wa chini wa rejeta unaobanwa na mvuto wa pampu.

Kabla hujagusa kitu

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Nimeandika sentensi hiyo peke yake kwa makusudi. Ndani ya mfumo kuna presha, na presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji ya nyuzi 110 yasichemke. Ukilegeza mfuniko, presha inaondoka na maji yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja, yakikulenga usoni na kifuani. Kitambaa kinene hakikuokoi. Zima injini, fungua boneti, subiri angalau saa moja. Kisha minya mpira wa juu wa rejeta: ukiwa laini na mkono unavumilia kuushika, sasa unaweza kufungua, polepole.

La pili, feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata kama funguo umezitoa. Unapoingiza mkono karibu nayo, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Na kama unafanya kazi injini ikiwaka, nywele, mikono ya shati, kamba za kofia, vyote vifungwe mbali na mikanda.

La tatu ni kwa aliye barabarani sasa hivi na mshale unapanda. Zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho wa moto na feni yake ya ndani kwa kasi yote. Utatokwa jasho, lakini rejeta ndogo ya hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Weka gia huru. Kama mshale hauteremki ndani ya dakika moja, au ukigusa eneo jekundu, egesha na uzime. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, wala usiyamimine ndani ya rejeta iliyokauka kabla injini haijapoa, kwa sababu chuma kilichopanuka kikipozwa ghafla hupasuka au kupinda.

Hatua ya 1: Hakikisha ni joto kweli

Mishale ya magari mengi ya kisasa haisemi ukweli wote. Imepangwa ikae katikati kuanzia nyuzi 75 au 80 hivi hadi zaidi ya 100, ili dereva asihangaike na kila mabadiliko madogo. Maana yake, ukiona mshale umeondoka katikati kwenda juu, joto limeshapanda sana.

Tafuta kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, kinachotuma namba kwenye simu. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na Ulaya tangu 2001 yana soketi hiyo. Fungua ukurasa unaoonyesha joto la maji ya injini. Kwa magari mengi, joto la kawaida ni kati ya nyuzi 85 na 105. Ukiona 110 na bado linapanda, tatizo ni la kweli. Ukiona mshale uko juu lakini kifaa kinasoma 92, na kipimajoto cha miale (kinachosoma joto bila kugusa) ukikielekeza kwenye shingo ya thamostati kinatoa namba iliyo karibu na hiyo, basi unasumbuliwa na geji au sensa, si injini. Umejiokolea fedha nyingi kwa dakika kumi.

Kifaa hiki utakihitaji hadi mwisho, kiache pale pale.

Hatua ya 2: Maji yapo?

Injini ikiwa baridi, tazama chupa ya akiba. Maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu. Kisha, kama rejeta yako ina mfuniko wake yenyewe, ufungue na utazame ndani. Usiishie kwenye chupa. Nimeona chupa imejaa pomoni huku rejeta imepungua lita mbili, kwa sababu mfuniko mbovu ulishindwa kuyarudisha maji ndani injini ilipopoa.

Maji yakiwa yamepungua, yamekwenda mahali. Tafuta alama za ukungu mweupe, kijani au pinki kwenye maungio ya mipira, chini ya pampu, pembeni mwa rejeta pale plastiki inapokutana na alumini, na kwenye zulia la abiria wa mbele, maana rejeta ya hita ikivuja huvujia ndani ya gari. Jaza mchanganyiko wa kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, kisha endelea. Maji matupu yatakufikisha unakokwenda, lakini yakikaa miezi yanaleta kutu na ukoko ndani ya njia nyembamba za rejeta, na huko ndiko linakozaliwa tatizo lingine la mwaka kesho.

Hatua ya 3: Feni

Hapa tulia. Kesi nyingi huishia hapa, na hapa ndipo watu wanapokagua kwa haraka kuliko kote: "feni nimeiona inazunguka" kisha wanahamia kwingine. Kuzunguka peke yake hakutoshi. Kuna maswali matatu, na yote yajibiwe: inawaka kwa wakati wake? Inavuta upepo wa kutosha? Inavuta kuelekea upande sahihi?

Anza na injini baridi, kiyoyozi kimezimwa. Kukizima ni lazima, kwa sababu magari mengi huwasha feni papo hapo kiyoyozi kinapowashwa, na hilo litakuficha jibu. Washa injini, iache kwenye sailensi, kaa na namba zako za joto. Baada ya dakika 10 hadi 20 hivi utaona inapita 90. Sikiliza. Kwenye magari mengi feni huwaka kati ya nyuzi 95 na 105. Iliyo nzima hushusha joto nyuzi kadhaa, inazima, joto linapanda taratibu, inawaka tena. Ukiona mzunguko huo unajirudia mara tatu bila joto kupanda zaidi ya pale feni inapowaka, feni yako imefaulu na unaweza kwenda hatua ya 4.

*Ikiwa haikuwaka kabisa* na joto limefika 108, usisubiri zaidi. Washa kiyoyozi. Feni ikizunguka, umejifunza mengi kwa mpigo: mota ni nzima, fyuzi ni nzima, waya mkuu ni mzima, na kinachokosekana ni amri inayotokana na joto. Angalia tu kama gari lako lina feni mbili. Mara nyingi moja huitikia kiyoyozi na nyingine joto, kwa hiyo hakikisha unatazama ile inayohusika.

Isipozunguka hata kwa kiyoyozi, zima injini na ufuate umeme:

Fyuzi kwanza. Kwa feni mara nyingi ni ya ampea 30 au 40, imo kwenye boksi lililo chini ya boneti. Itoe, itazame, na uipime kwa mita, kwa sababu ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Iliyoungua ibadilishe kwa ukubwa uleule, si zaidi. Ikiungua tena mara moja, mota imekwama au waya unagusa bodi.

Kisha rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Ndani ya boksi lilelile mara nyingi kuna rilei nyingine inayofanana nayo kabisa kwa namba na umbo, kwa mfano ya honi. Zibadilishane. Feni ikifanya kazi na honi ikafa, umempata mkosaji.

Kisha mota yenyewe. Chomoa plagi ya feni, chukua nyaya mbili nene, ule wa chanya ukiwa na fyuzi ya ampea 30 katikati, upeleke umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mikono na nywele viwe mbali: inaruka ghafla. Ikizunguka kwa nguvu, mota haina kosa na tatizo liko kwenye waya, rilei au amri. Isipozunguka, gonga mwili wa mota polepole kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiwa umeunganishwa. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, brashi za kaboni ndani zimekwisha. Usifurahie kwamba imepona. Itakuacha tena siku yenye jua kali na foleni ndefu. Ibadilishe.

Kama mota ni nzima na rilei ni nzima, nenda kwenye sensa ya joto. Injini ikiwaka, chomoa plagi yake. Kompyuta za magari mengi zikikosa taarifa ya sensa huwasha feni kwa kasi yote ili kuilinda injini. Feni ikiwaka hapo, waya na rilei vinatii, na shaka inabaki kwenye sensa. Kwa sensa nyingi, ukiipima kwa mita ikiwa baridi, nyuzi 20, utapata kilo-omu 2 hadi 3, yaani omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye maji ya nyuzi 80 inashuka hadi omu 200 na kitu au 300 na kitu. Isiyoshuka, au inayorukaruka, imekwisha. Magari ya zamani hayana mpangilio huo. Yana swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta yenyewe: chomoa plagi yake, unganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya huku swichi kuu ikiwa imewashwa, na feni ikizunguka swichi ndiyo mbovu.

Ombi langu moja hapa. Usikubali feni ifungwe moja kwa moja iwe inazunguka muda wote funguo zikiwashwa. Ni dawa ya kufika nyumbani tu. Mota itachakaa mapema, alteneta, inayozalisha umeme wa gari, itabeba mzigo usio na sababu, na sensa iliyokufa itaendelea kuidanganya kompyuta kuhusu kiasi cha petroli cha kupuliza.

*Ikiwa inawaka lakini joto bado linapanda,* chukua karatasi moja ya daftari. Simama mbele ya gari, feni ikizunguka, iweke karatasi juu ya grili au moja kwa moja mbele ya mapezi, kisha iachie. Feni iliyo nyuma ya rejeta huvuta hewa kutoka mbele kwenda kwenye injini, kwa hiyo karatasi inapaswa kunata pale kama imebandikwa. Ikining'inia kidogo kisha ikateleza chini, upepo ni dhaifu. Ikisukumwa kuja kwako, feni inazunguka kinyume.

Hilo la mwisho linatokea. Liliwahi kunifikia gari ambalo tayari lilikuwa na rejeta mpya, thamostati mpya na mfuniko mpya. Feni ilikuwa inawaka kwa wakati wake na inavuma kwa kelele nzuri kabisa, ndiyo maana kila aliyelishika aliipita. Niliweka karatasi kwenye grili, ikapeperuka ikaangukia magotini mwangu. Aliyebadilisha plagi ya feni miezi kadhaa nyuma alikuwa amevuka nyaya, chanya ikawa hasi. Gari likitembea, upepo wa barabara ulikuwa unapambana na feni na kuishinda. Likisimama, feni ilikuwa inarudisha hewa ya moto ya injini kwenye rejeta. Tulivusha nyaya mbili mahali pake, na namba ya joto ikaanza kushuka tukiwa tumeikodolea macho.

Upepo ukiwa dhaifu ingawa upande ni sahihi, pima volti kwenye plagi ya feni wakati inazunguka, kisha pima kwenye nguzo za betri. Tofauti ikizidi nusu volti hivi, umeme unapotelea njiani: plagi iliyoyeyuka, rilei yenye meno meusi, au waya wa bodi uliooza. Betri yenyewe isome volti 13.5 hadi 14.5 injini ikiwaka. Ikisoma 12.3 kwenye sailensi, alteneta haitoi na feni inazunguka kwa njaa. Volti zikiwa sawa na feni bado ni mvivu, mota imechoka. Na kwa feni za kasi mbili, kasi ya chini ikikosekana, kagua rezista yake, ambayo mara nyingi hukaa kwenye kava la feni na huungua kimyakimya.

*Kwa feni inayoendeshwa na mkanda,* ile yenye klachi ya mafuta mazito ya silikoni katikati, kipimo ni cha mkono. Zima injini ikiwa imepata moto, toa funguo, kisha zungusha feni kwa kidole. Inapaswa kukupinga, ikome ndani ya mzunguko mmoja au chini yake. Ikizunguka huru kama pangaboi lililozimwa, klachi imekufa. Tazama pia kama kuna michirizi ya mafuta inayotawanyika kutoka katikati, na utikise pangaboi mbele na nyuma: likicheza, beringi imekwenda, na siku moja litaikata rejeta.

Hatua ya 4: Njia ya upepo

Feni nzima ikivuta hewa isiyo na pa kupita, ni kazi bure. Piga tochi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Mbele panaweza kuonekana pasafi, huku katikati ya hizo mbili pamejaa udongo, mbegu za majani, manyoya na wadudu waliokaushwa hadi wakawa kama zulia. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na njia takataka zilikoingilia. Mashine ya kuoshea yenye presha kubwa inalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa.

Kisha kava la feni, ile plastiki pana inayoizunguka. Watu huitupa ikivunjika wakidhani ni pambo. Bila kava, feni inavuta hewa ya karibu kutoka pembeni badala ya kuilazimisha ipite kwenye rejeta nzima, na kwenye sailensi tofauti hiyo inatosha kuchemsha. Hali ni hiyohiyo kwa sponji na plastiki za pembeni mwa rejeta: kazi yake ni kuizuia hewa ya moto isizunguke na kurudi mbele. Gari lililowahi kugongwa mbele likarekebishwa, kagua vitu hivi kwanza.

Hatua ya 5: Mfuniko

Mfuniko wa rejeta una namba juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha kwa kipimo kinachoitwa ba. Kwa presha ya ba 1 hivi, maji matupu huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mfuniko uliolegea unaondoa akiba yote hiyo, na gari linaweza kutoa povu kwenye chupa likiwa na joto ambalo kwa gari zima ni la kawaida. Tazama mpira wake: ukipasuka au ukiwa mgumu kama plastiki, nunua mwingine wenye namba ileile. Kuweka namba kubwa zaidi kunahamishia presha kwenye mipira na rejeta kuukuu. Ni kifaa cha bei ndogo, kwa hiyo kikiwa na shaka kibadilishe bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 6: Hewa iliyonasa, na siri inayotolewa na hita

Kama mfumo ulifunguliwa karibuni, kwa kubadilisha mpira, pampu au kulanti, huenda hewa ilibaki ndani. Hewa hupanda sehemu ya juu kabisa na kukaa pale kama kizibo.

Kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kifaa. Injini ikiwa imepata moto na iko kwenye sailensi, washa hita hadi mwisho. Weka mkono kwenye tundu la hewa. Sasa mwambie mtu apige resi polepole hadi mizunguko 2,000 hivi. Kama kwenye sailensi hewa ni ya baridi au vuguvugu, na kwenye resi inakuwa ya moto, kisha akiachia pedali inapoa tena, maji hayafiki kwenye hita injini ikizunguka polepole. Maana yake ni moja kati ya tatu: maji yamepungua, kuna hewa, au pampu haina nguvu. Umehama rasmi kutoka kundi la upepo kwenda kundi la maji.

Kutoa hewa iliyonasa: egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mwinuko au kwenye jeki na stendi imara, injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko, hita iwe kwenye moto, washa injini. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa karibu na thamostati au kwenye mpira wa juu, ilegeze hadi maji yatoke bila mapovu, kisha ikaze. Minya mpira wa juu mara kwa mara kabla haujawa wa moto, ongeza maji yakishuka, funga mfuniko maji yakianza kupanda. Baadhi ya injini ni sumbufu, na hewa yake haitoki bila kifaa cha kuvuta. Ukirudia mara tatu na hita bado ni baridi, mpe fundi mwenye kifaa hicho.

Hatua ya 7: Pampu na mkanda

Mkanda ukilegea au ukiwa na mafuta, unateleza, na pampu inazunguka chini ya kiwango. Ubonyeze, ukague nyufa na mng'ao. Kisha tazama tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu. Likiwa na michirizi ya kulanti, sili ya ndani imechoka. Tikisa puli yake: isicheze.

Lakini pampu inaweza kuwa kavu, isiyocheza, isiyopiga kelele, na bado haisukumi. Pangaboi la ndani linaweza kuliwa na kutu likabaki kipande, na yale ya plastiki hupasuka yakawa yanateleza kwenye shafti. Dalili ni ile ya hita uliyoiona, baada ya kuhakikisha maji yamejaa na hewa haipo. Ongeza kipimo cha mipira: thamostati ikishafunguka, mpira wa juu uwe wa moto na wa chini uwe na joto la chini kidogo. Wa chini ukibaki baridi kabisa huku injini ikipita 105, maji hayazunguki. Hapo ni pampu, au thamostati iliyogoma kufunguka, au rejeta iliyoziba. Pitisha kipimajoto cha miale juu ya uso wa rejeta: madoa ya baridi katikati ya eneo la moto ni mifereji iliyoziba.

Thamostati nimeichelewesha kwa makusudi. Ikigoma kufunguka, gari huchemsha hata likitembea, kwa hiyo kwa dalili yetu haiko mstari wa mbele. Ukitaka uhakika, itoe uichemshe sufuriani pamoja na kipimajoto. Namba iliyopigwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ndiyo nyuzi inapoanza kufunguka. Na usikubali gari liendeshwe bila thamostati. Kwenye injini nyingi, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji, na ukiitoa njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mtu anaitoa ili gari lipoe, kumbe kwenye foleni amelipunguzia upoaji, na alfajiri linachelewa kupata moto na kunywa mafuta zaidi.

Hatua ya 8: Gasketi ya silinda hedi, baada ya yote

Fika hapa tu kama hatua zote zimepita salama, au kama ulishaliendesha gari likiwa limechemka sana. Gasketi (kizibo kilicho kati ya hedi na injini) ikiungua hupenyeza gesi ya moto ya silinda kwenye maji. Dalili ambayo sijaiona ikidanganya mara nyingi ni hii: asubuhi, injini baridi ya usiku mzima, washa na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili, kabla maji hayajapata joto, presha hiyo haijatokana na joto. Nyingine ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta hata baada ya hewa kuisha, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu kwenye ekzosti injini ikiwa imeshapata moto, maji yanayopungua bila kuvuja, na rangi ya maziwa kwenye kijiti cha oili.

Usiruhusu hedi ifunguliwe kwa dalili moja. Mwombe fundi afanye kipimo cha kemikali: chombo chenye maji ya bluu huwekwa juu ya mdomo wa rejeta na kunyonya hewa yake, na kama kuna gesi ya silinda, bluu inageuka njano. Ni kazi ya dakika chache. Na hedi ikifunguliwa, ipimwe kama imepinda kabla ya kurudishwa na gasketi mpya, la sivyo utarudi palepale.

Baada ya kurekebisha

Usilipokee gari kwa maneno. Chomeka kile kifaa chako, liache kwenye sailensi dakika 30 kiyoyozi kikiwa kimezimwa, uandike joto feni inapowaka na inapozima. Kisha washa kiyoyozi, uliache dakika 15 nyingine. Namba zikirudi zilezile kila mzunguko, lizime, liache lipoe usiku kucha, na asubuhi ufungue mfuniko utazame usawa wa maji. Ukiwa umeshuka kidogo baada ya kutoa hewa iliyonasa, ongeza na urudie kesho yake. Ukiendelea kushuka siku ya tatu, rudi hatua ya 2 na tochi.